Jifya Moja Haliinjiki Chungu: Somo Litokalo kwa Tembo Yatima

Mafiga ni jina la kata mojawapo ya mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Lakini kabla ya kuwa jina la mtaa, neno hilo lilikuwa, na hata leo ni, jina la mawe matatu yanayobeba chungu juu ya moto. Figa na jifya ni kitu kimoja, na wahenga walisema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Usemi huo ulitungwa kwa ajili ya binadamu. Hata hivyo, utafiti wa miaka 50 iliyopita umeonyesha kuwa unamhusu vilevile mnyama ambaye wasafiri watokao Morogoro humwona kando ya barabara kuu ya Iringa, pale inapokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mnyama huyo ni tembo.

Swali lenyewe ni hili: mtoto wa tembo aliyepoteza mama yake, akaokolewa na kuletwa mikononi mwa watu, anahitaji nini ili aishi? Aghalabu jibu linalotolewa ni maziwa, dawa na mahali pa salama. Jibu hilo si la uongo, ila ni figa moja tu kati ya matatu.

Figa hilo la kwanza, yaani lishe, halikupatikana kwa urahisi. Tembo hubeba mimba kwa muda wa miezi 22 hivi, na mtoto huzaliwa akiwa na uzito wa kilo 100 au zaidi. Katika miaka yake miwili ya kwanza maisha yake hutegemea maziwa ya mama. Maziwa ya ng'ombe hayamfai, kwa kuwa mafuta yaliyomo humdhuru tumbo. Nchini Kenya, Daphne Sheldrick, ambaye mumewe David alikuwa mkuu wa Hifadhi ya Tsavo Mashariki, alijaribu michanganyiko mbalimbali kwa miaka mingi hadi alipotambua kuwa mafuta ya nazi yangeweza kushika nafasi ya mafuta ya maziwa ya tembo.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo kila mwanafunzi wa elimu ya viumbe anastahili kulitafakari. Mwaka 1974 mtoto wa tembo aliyeitwa Aisha alikuwa akistawi vizuri kwa maziwa hayo mapya. Alikuwa na umri wa miezi sita hivi, naye alikuwa amemzoea Daphne Sheldrick peke yake. Mama huyo alipoondoka kwa muda wa majuma mawili kwa ajili ya arusi ya bintiye, Aisha alikataa kula, akadhoofika, akafa. Maziwa yalikuwapo, aliyekosekana ni mlezi.

Figa la pili, basi, ni uhusiano. Kutokana na msiba ule, kituo cha tembo yatima cha Nairobi, chini ya shirika lililoanzishwa mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya David Sheldrick, kiliweka utaratibu unaofuatwa hata leo. Walezi ni wengi, nao hubadilishana zamu. Usiku mlezi hulala katika banda pamoja na mtoto wa tembo, lakini si mlezi yuleyule kila usiku, ili moyo wa mtoto usifungwe kwa mtu mmoja tu. Utaratibu huo haukubuniwa kwa sababu ya huruma peke yake. Ni matokeo ya jaribio chungu lililothibitisha kuwa, kwa tembo, upweke unaweza kuua kama njaa.

Wako wanaodai kwamba maneno kama hayo ni kumvika mnyama nguo za binadamu. Tahadhari yao ni ya haki, maana sayansi haijengwi juu ya hisia za mtazamaji. Lakini hulka za tembo zimekwisha kupimwa. Huko Amboseli, ambako Cynthia Moss alianza kuwachunguza tembo mwaka 1972, yeye na Phyllis Lee walitoa mwaka 2012 matokeo ya uchunguzi juu ya majike wa familia moja. Walipambanua mambo manne yanayomtofautisha jike mmoja na mwingine: uwezo wa kuongoza, uchezaji, upole na uthabiti. Uongozi wenyewe haukuonekana kutokana na ubabe, bali kutokana na heshima ambayo wengine humpa yule ajuaye kutatua shida. Walezi wa tembo yatima huziona tofauti hizo kila siku. Eleanor, aliyeokolewa akiwa mtoto na kukulia Tsavo tangu miaka ya 1960, aligeuka kuwa mama wa yatima wengi waliokuja baada yake, ingawa hakuna aliyemfundisha kazi hiyo.

Figa la tatu ni kundi. Kazi ya kituo haiishii kwenye chupa ya maziwa. Yatima wakishapata nguvu huhamishiwa Tsavo, katika vituo kama Voi na Ithumba, ambako mchana hutembea porini na jioni hurudi bandani. Polepole, kwa muda wa miaka kadhaa, hukutana na tembo wa porini, na siku moja huchagua wenyewe kutorudi. Baadhi ya majike waliokwisha kwenda zao wamerejea wakiwa na watoto waliowazaa huko porini. Hiki ndicho kipimo cha kweli cha uokoaji. Mnyama anayebaki akimtegemea binadamu hadi uzeeni amepona mwili tu.

Hapa ndipo somo la Nairobi linaporudi Morogoro. Mwaka 2008 Kathleen Gobush na Samuel Wasser wa Marekani, pamoja na Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walitangaza matokeo ya utafiti wao uliofanywa Mikumi. Kwa kupima kinyesi cha tembo, walitambua kwamba majike wa makundi yaliyopoteza bibi mzee na ndugu wa karibu kutokana na ujangili wa miaka ya kabla ya 1989 walikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha homoni ambazo mwili hutoa wakati wa dhiki. Tena, uzazi wao ulikuwa hafifu. Bunduki ilikuwa imenyamaza kwa miaka mingi, lakini miili ya walionusurika ilikuwa bado inalipa. Kule Tarangire nako, katika ukame mkali wa mwaka 1993, watoto 16 kati ya 81 waliochunguzwa walikufa katika muda wa miezi tisa. Makundi yaliyotoka hifadhini kutafuta maji na malisho mahali pengine yalipoteza watoto wachache zaidi, na watafiti wanaona kuwa huenda majike wazee waliyaongoza kwa kukumbuka ukame wa miaka ya nyuma.

Mkulima wa kando ya Mikumi, ambaye shamba lake la mahindi limekanyagwa usiku mmoja, ana haki ya kuuliza kwa nini fedha zitumike kumlea tembo mmoja. Swali lake halijibiwi kwa picha za kupendeza. Ni kweli kwamba chupa ya maziwa haiwezi kufidia hasara ya ujangili. Katika eneo la Selous na Mikumi hesabu ya tembo ilishuka kutoka 38,975 mwaka 2009 hadi 13,084 mwaka 2013, na hakuna kituo duniani kingeweza kulea yatima wa maangamizi kama hayo. Thamani ya kituo cha yatima iko kwingine: hutuonyesha, kwa gharama iliyo wazi, ni kazi kiasi gani inayofanywa bure na bibi mzee mmoja porini.

Kwa hiyo haitoshi kuwahesabu tembo kwa vichwa, kama magunia ghalani. Tembo 100 wenye wazee wao si sawa na tembo 100 wasio na mkubwa wa kuwaongoza. Takwimu za hifadhi zinapotolewa, umri wa majike na hali ya familia zao vinastahili kutajwa kando ya idadi, na ulinzi uwaelekee kwanza wale wenye pembe kubwa, ambao ndio wawindwao zaidi na ndio wenye kumbukumbu ndefu. Mwalimu wa elimu ya viumbe naye asiishie kuwafundisha wanafunzi uzito wa tembo na idadi ya meno yake. Awaulize pia: huyu alilelewa na nani, na akiondolewa, ni nani atakayebaki bila mlezi? Kulinda mafiga yote matatu pale yalipo ni rahisi kuliko kuokota moja moja baada ya chungu kuvunjika.