Kenya: Neno «shall» lililowagawa majaji na kuliacha Bunge na deni

Kenya inapoelekea uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, swali lililofikishwa mbele ya Mahakama ya Juu jijini Nairobi mwaka 2012 bado linawasumbua wanasheria: katiba inapotumia neno la Kiingereza «shall», je, inaamuru jambo lifanyike sasa, au inaweka wajibu utakaotimizwa hatua kwa hatua?

Neno hilo limo katika ibara ya 81 ya Katiba ya 2010, inayotaka wajumbe wa jinsia moja katika vyombo vya kuchaguliwa wasizidi theluthi mbili. Raia wa kawaida huona hapo amri isiyo na utata.

Mfasiri wa Kiswahili hukumbana na mzozo huo hata kabla ya jaji, kwa kuwa «shall» haina mwenzake kamili. Akiandika «hawatazidi», kiambishi cha wakati ujao kinalisogeza jambo mbele kana kwamba ni ahadi. Akiandika «ni lazima wasizidi», amelifunga papo hapo. Wala Mkenya hawezi kukimbilia lugha yake ya taifa kutafuta ufumbuzi: ibara ya 259 inasema matoleo ya lugha mbalimbali yakihitilafiana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa.

Mwanasheria Mkuu ndiye aliyeiomba Mahakama ya Juu ushauri. Tarehe 11 Desemba 2012, majaji walio wengi walisema kuwa neno hilo ni amri ya papo hapo pale tu ambapo jambo lenyewe liko tayari kutekelezwa. Pale linapotegemea sheria na matayarisho mengine, linaashiria wajibu wa kutimizwa kwa awamu. Bunge likapewa hadi tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipinga. Kwake yeye, katiba iliyozaliwa kutokana na historia ndefu ya kuwatenga wanawake haikuweza kusomwa kwa namna ya kuwaambia wangoje tena, na kanuni ilipaswa kuanza katika uchaguzi wa Machi 2013.

Ni haki kukiri kwamba pengo waliloliona majaji wale lilikuwepo. Kwa mabunge ya kaunti, ibara ya 177 inaeleza njia: huongezwa viti maalumu hadi uwiano utimie. Kwa Bunge la Taifa na Seneti, ibara za 97 na 98 hazikuweka hesabu ya namna hiyo. Lakini tafsiri yao iliukabidhi ufunguo kwa watu walewale walionufaika na kufungwa kwa mlango. Mwaka 2013, wanawake 16 tu walishinda katika majimbo 290. Mwaka 2022 hawakuzidi 30. Hata wakijumlishwa wawakilishi wanawake 47 wa kaunti, idadi hiyo iko mbali na 117 wanaohitajika katika Bunge la Taifa lenye wajumbe 349.

Muda uliowekwa ulipofika, Bunge lilijiongezea mwaka mmoja. Miswada iliyofuata ilikwama, na ule wa Februari 2019 haukupigiwa hata kura, kwani wabunge waliokuwa ukumbini hawakufikia 233 wanaotakiwa ili kubadili katiba. Kutohudhuria kikao ni njia ya kupinga isiyoacha jina la mtu kwenye kumbukumbu.

Ndipo neno lile liliporejea kwa nguvu mpya. Ibara ya 261 inaeleza kwamba Bunge likishindwa kutunga sheria inayotakiwa hata baada ya agizo la mahakama, Jaji Mkuu «shall» amshauri Rais alivunje, na Rais «shall» alivunje: mara mbili katika sentensi moja, na hapa hakuna matayarisho ya kungojewa. Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga aliisoma kama ilivyoandikwa na kumshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha ushauri huo, Rais hakulivunja, na wabunge wakamaliza muhula wao mwaka 2022.

Msikilizaji wa Rwanda anaweza kushangaa kwa nini kitenzi kimoja kizue haya yote. Tofauti haitokani na ukali wa lugha. Katiba ya Rwanda ya 2003 haikuishia kutaja asilimia 30. Iliwatengea wanawake viti 24 kati ya 80 vya Baraza la Wawakilishi na kueleza watakavyochaguliwa. Hesabu imo ndani ya maandishi yenyewe. Waandishi wa katiba ya Kenya waliijua njia hiyo, kwani waliitumia katika kaunti, kisha wakaiacha walipofika kwenye Bunge la Taifa.

Baada ya Agosti 2027, Bunge jipya lisipotunga sheria ya kutimiza theluthi hiyo, huenda raia wakajaribu tena kwenda mahakamani kwa mujibu wa ibara ya 261, na Jaji Mkuu atakayekuwepo huenda akatakiwa kuifungua sentensi ileile aliyoifungua Maraga.