Tusisome Utabiri kwa Macho ya Tamaa



Kila mwaka mvua za vuli zinapokaribia, swali moja huletwa katika ofisi yetu ya kilimo. Mtu akija kwa habari ya mbuzi au dawa ya viwavi, akiisha kupata jibu lake husimama kidogo mlangoni na kuuliza, "Karani, wanasemaje? Mwaka huu iko?" Hana haja ya kutaja mvua. Hapa Kitui na Makueni neno "iko" latosha.

Nami nimetambua jambo moja. Mwulizaji hataki hasa kujua utabiri unasema nini, bali ataka kuambiwa kwamba mvua iko. Nikijibu, "Huenda ikawa nzuri," ataondoka akisema, "Karani amesema ni nzuri." Nikijibu, "Huenda ikawa haba," atakwenda kumwuliza mtu mwingine.

Tabia hii si yetu peke yetu. Huko Uingereza wako watu wapendao baridi na theluji, na majira ya baridi yakikaribia hupekua kila utabiri wakitafuta ule unaowafurahisha. Wengine huweka dau kwamba theluji itaanguka siku ya Krismasi, na idara yao ya hali ya hewa ina kanuni kwamba chembe moja tu ikionekana ikianguka tarehe 25 Desemba, hiyo ni Krismasi ya theluji. Sisi theluji twaiona kwa mbali juu ya Kilimanjaro, asubuhi isiyo na mawingu. Lakini kosa la kuchagua habari kwa kuipenda ni lilelile, ila gharama yake si sawa. Asiyepata theluji hupoteza fedha chache za dau. Sisi twapoteza mbegu, jasho la kulima, na chakula cha watoto mpaka mavuno mengine.

Nasema hivi kwa kuwa nimelitenda kosa hilo mwenyewe. Nilikuwa mtoto mwaka 1997, mvua za El Nino ziliponyesha hata kuingia 1998, na nakumbuka jinsi njia zilivyokatika na majani yalivyoota hata penye mawe. Basi mwaka 2018, habari za El Nino zilipoenea tena, moyo wangu uliruka. Utabiri nilikuwa nimeubandika ukutani kwa mikono yangu. Nilisoma mstari wa juu, nikaacha hesabu zilizokuwa chini yake. Nikalima eka zangu 3 zote, nikapanda mahindi ya muda mrefu yafaayo nyanda za juu, kwa fedha za kukopa. Mvua ilianza vizuri, kisha ikakatika shambani kwangu mahindi yakiwa yamefika magotini. Jirani yangu, mama mmoja mzee, alikuwa amepanda ndengu, kunde na mtama, naye alivuna. Alinipa debe moja la ndengu akasema, "Mwanangu, wewe ulipanda habari, mimi nilipanda mbegu." Deni langu nililipa kwa muda wa miaka miwili.

Sasa tuulizane, utabiri ni kitu gani? Kabla ya kuwa karani nilisomea ualimu, basi niruhusuni nieleze kama darasani. Wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa hutazama hasa joto la bahari. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto, na ya upande wa Sumatra yakipoa, mvua zetu za vuli huelekea kuongezeka. Maji ya Pasifiki yakipata joto, yaani El Nino, nazo huelekea kuongezeka. Yakipoa huelekea kupungua, kama tulivyoonja tangu 2020 mpaka 2022. Angalieni kwamba nimesema "huelekea." Sikusema "lazima."

Chukua maharagwe 10, uyatie katika kibuyu: 5 mekundu kwa mvua kuzidi wastani, 3 meupe kwa mvua ya wastani, na 2 meusi kwa mvua kupungua. Tia mkono bila kutazama. Yaelekea utatoa jekundu kuliko jeusi, lakini meusi yamo. Ukitoa jeusi, kibuyu hakikukudanganya. Ndivyo utabiri wa msimu ulivyo, na mkulima hana budi kuuliza, "Meusi ni mangapi?" kabla ya kununua mbegu.

Jambo la pili ni neno "wastani." Mvua iliyozidi wastani wa Kibwezi yaweza kuwa bado ni haba kuliko mvua ya kawaida ya Mbooni. Wazee waliohamia skimu ya Makueni katika miaka ya 1940 kutoka vilima vya Machakos walikuta nchi yenye mvua chache kuliko walikotoka. Utabiri mzuri hauligeuzi shamba la bondeni kuwa shamba la kilimani.

Jambo la tatu ni kwamba msimu si siku. Mvua za vuli za mwaka 2021 zilikuwa haba, na ukame ulikuwa mkali. Hata hivyo tarehe 4 Desemba mwaka huo mto Enziu, huko Mwingi, ulijaa na kulichukua basi la wanakwaya waliokuwa wakienda arusini, na watu zaidi ya 30 walikufa. Mwaka wa kiangazi nao una siku ya mafuriko.

Tena tusitamani mvua nyingi kupita kiasi. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto lisilo la kawaida, na mvua ikaja kwa wingi, pamoja na mafuriko na maporomoko ya udongo katika sehemu nyingi za Kenya. Majani yakastawi, na nzige walioingia nchini mwisho wa mwaka huo wakapata malisho. Mwaka 2020 walifika hata kwetu.

Wako wasemao, "Watabiri ni waongo, Mungu ndiye ajuaye." Ni kweli kwamba Mungu ndiye ajuaye. Lakini wazee wetu, ambao walimcha Mungu, walitazama maua ya miti na mwendo wa ndege kabla ya kutoa mbegu ghalani. Dalili ya mvua ni mawingu, ila tunajua pia kwamba si kila wingu hunyesha.

Basi yafaa tufanye hivi. Sehemu kubwa ya shamba iwe ya mazao yasiyotegemea bahati: ndengu, kunde, mtama, mawele, na mahindi ya Katumani yakomaayo upesi. Utabiri ukiwa mzuri, ongeza kipande kimoja cha kujaribia, wala usitie shamba lote. Bakiza mbegu za kupanda mara ya pili. Tengeneza matuta ya fanya juu kabla ya tone la kwanza, kwa maana hufaa mvua ikiwa nyingi na ikiwa chache. Mvua ikianza, sikiliza utabiri wa kila juma, na usivuke mto uliojaa hata kama jana ulikuwa mchanga mtupu.

Nasi wa ofisi tuna deni letu. Mara nyingi tumebandika karatasi za maneno magumu, tena zimechelewa, kisha tukamlaumu mkulima kwa kutoelewa. Yatupasa kutangaza hesabu zote tatu, kwa Kiswahili chepesi na kwa Kikamba, barazani na sokoni, kabla mbegu hazijanunuliwa. Mkulima anayeambiwa neno la juu tu hawezi kulaumiwa kwa kushika la juu tu.

Mimi sasa, mtu akisimama mlangoni na kuuliza kama iko, sijibu "iko" wala "haiko." Namwomba akae, nachukua kibuyu changu mezani, na tunahesabu maharagwe pamoja. Wengine hucheka. Lakini msimu uliopita mzee mmoja alirudi kutoka dukani kuniambia amenunua mfuko mmoja wa mahindi badala ya mitatu, na fedha zilizobaki amenunulia ndengu.