Kabla ya Kuuliza Bei ya Bunduki

Mwezi uliopita mpwa wangu aishiye katika jimbo la Texas nchini Marekani alinipigia simu usiku wa manane wa kwetu, ambao kwake ulikuwa alasiri. Baada ya kujuliana hali, alinitupia swali ambalo katika miaka yangu 31 ya kushika chaki sikuwahi kuulizwa na kijana yeyote. "Mjomba," akasema, "nina dola 400. Ninunue bunduki gani ya kulindia nyumba?"

Sipendi msomaji amcheke wala amhukumu. Nyumba mbili za majirani zake zimevunjwa mwaka huu. Yeye hufanya kazi ya usiku katika makao ya wazee, naye humwacha mkewe peke yake na watoto wawili: mvulana wa miaka 15 na msichana wa miaka 6. Mtu aliye katika hali hiyo hana anasa ya kuzungumzia amani kwa maneno matamu. Hofu yake ni ya kweli, na hofu ya kweli hujibiwa kwa hoja. Aliniuliza mimi kwa kuwa nilimlea tangu alipofiwa na babake akiwa darasa la tano, na hata leo hafanyi jambo kubwa pasipo kunishauri. Nilimwomba juma moja nisome na kutafakari kabla ya kumjibu. Kwa kuwa najua kwamba nyumba nyingi za walimu na wanafunzi wetu zina jamaa ng'ambo, na kwamba wapo vijana wanaofunga virago kwenda kusoma huko, nimeona heri jibu nililompa nilitoe hadharani.

Kwanza, sheria. Hapa kwetu, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Humpa nafasi ya kuomba cheti tu, naye hana budi kuonyesha sababu ya kutosha na kwamba ni mtu wa kuaminika. Wamarekani wameliweka jambo hili kinyume. Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanataja haki ya watu ya kuwa na silaha, na mwaka 2008 Mahakama yao ya Juu iliamua, katika kesi iliyotoka mji mkuu wa Washington, kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi na inahusu kujilinda nyumbani mwake. Huko Texas mnunuzi hahitaji kibali cha serikali ya jimbo ili anunue bunduki. Akienda kwa mfanyabiashara mwenye leseni, huonyesha kitambulisho, hujaza fomu ya serikali kuu, na jina lake huchunguzwa katika mtambo wa kumbukumbu ulioanza kazi mwaka 1998. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa, au kwa kumpiga mke au mume, hunyimwa.

Hapa wanafunzi na wanitegee sikio. Mpwa wangu ana kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa hivyo sheria inamruhusu. Lakini mgeni aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, ikiwemo ya masomo, amekatazwa na sheria ya serikali kuu kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwanafunzi anayealikwa na wenzake kwenda kulenga shabaha siku ya Jumamosi huenda akadhani ni mchezo tu, kumbe ameingia katika kosa linaloweza kumtia gerezani na kumrudisha nyumbani bila shahada. Kutojua sheria hakumwokoi mtu mahakamani.

Pili, bidhaa yenyewe. Kwa dola 400 mtu hupata mojawapo ya silaha mbili. Ya kwanza ni bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani. Zipo mpya zinazouzwa kwa dola 300 au chini ya hapo, nazo ni imara na hazina mambo mengi ya kuharibika. Hata hivyo, ni ndefu, yasumbua kuigeuza katika ujia mwembamba, na humpiga teke la bega mtu asiyeizoea. Ya pili ni bastola. Zipo za bei hiyohiyo, ingawa zenye sifa kubwa hupita dola 500. Bastola ni fupi na hutoshea katika kisanduku cha kufuli kando ya kitanda. Lakini wakufunzi wa silaha husema kwamba ni ngumu kuliko bunduki ndefu kwa mwanafunzi kulenga sawasawa, na kwa udogo wake huweza kumgeukia mtu yeyote kwa mpinduko mdogo wa kiganja.

Jambo moja la ujenzi lilinishtua katika kusoma kwangu. Sisi tumezoea nyumba za mawe na matofali. Nyumba nyingi za Marekani zimejengwa kwa fremu za mbao na kuta za ndani za mbao za jasi, ambazo ni laini mithili ya kadibodi ngumu. Risasi ya bastola hupenya ukuta wa aina hiyo na kuendelea na safari yake, na vivyo hivyo marisau makubwa. Maana yake ni kwamba anayemfyatulia mwizi aliye sebuleni anafyatua pia kuelekea chumba kilicho nyuma ya sebule. Ndiyo sababu mojawapo ya kanuni kuu za silaha husema: jua unachokilenga, na ujue kilicho nyuma yake.

Ndipo tunapofika kwenye bei. Wahenga walinena kwamba rahisi ni ghali. Dola 400 hununua chuma tu. Hazinunui sefu ya kuifungia, wala risasi za kujifunzia, wala ada ya mkufunzi, wala saa za mazoezi zinazohitajika mwaka baada ya mwaka. Asiyekuwa na fedha za mambo hayo hana fedha za bunduki, hata kama bunduki yenyewe anaimudu. Huko Texas ni kosa mtu kwa uzembe kuiacha silaha iliyo tayari kufyatuliwa mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 aweza kuifikia. Mpwa wangu ana watoto wawili wa chini ya umri huo.

Hapo nikamwuliza swali ambalo naona ndilo kiini cha mambo yote. "Wewe usiku uko kazini. Nani atakayeishika hiyo bunduki?" Akanyamaza. Hakuwa amemwuliza mkewe kama yuko radhi kujifunza, sembuse kama yuko tayari kumfyatulia binadamu gizani.

Nikamsomea takwimu. Mwaka 1986 daktari Arthur Kellermann na mwenziwe walichapisha uchunguzi wa vifo vya risasi vilivyotokea katika nyumba za eneo la King, jimbo la Washington, kwa muda wa miaka sita. Waligundua kwamba kwa kila kifo kimoja cha kujilinda kilichotokana na bunduki iliyowekwa nyumbani, kulikuwa na vifo 37 vya watu waliojiua wenyewe, mbali na waliouawa katika ugomvi na walioangamia kwa ajali. Miaka imepita, lakini sura ya jambo haijabadilika. Katika mwaka 2022 risasi ziliua zaidi ya watu 48,000 Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua.

Haki inanilazimu niutaje upande wa pili. Wapo wataalamu, akiwemo Gary Kleck aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1995, wanaosema kwamba vifo si kipimo kizuri, kwa sababu mwizi anayeiona bunduki na kutimua mbio haingii katika hesabu ya maiti. Kleck alikadiria kwamba Wamarekani hujilinda kwa bunduki zaidi ya mara milioni mbili kwa mwaka. Wengine wamelipinga vikali kadirio hilo wakisema limekuzwa mno. Mimi si mwamuzi wa wataalamu. Nakubali kwamba wapo watu ambao bunduki imewaokoa, hasa waishio mbali na kituo cha polisi. Lakini hata nikikubali hayo yote, nabaki na mvulana wa miaka 15.

Wenzangu walimu watanielewa. Sisi tunaijua miaka hiyo. Tumewaona watoto wapole wakibadilika katika muhula mmoja. Kijana aliyefeli mtihani, au aliyeachwa na rafiki, au aliyetukanwa mbele ya wenzake, akaona dunia yote imemfungia mlango. Aghalabu giza hilo hupita. Baada ya siku tatu humwona akicheza kandanda. Lakini bunduki iliyo kabatini haimpi siku tatu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi tunapopanga jinsi ya kumzuia adui wa nje, huwasahau wale tunaolala nao chini ya paa moja.

Kisha nikamkumbusha jambo ambalo sisi wawili tu ndio tulijualo, na ambalo ameniruhusu kulisimulia. Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka 1997. Wezi walikuwa wametusumbua mtaani kwa majuma kadhaa, nami nilikuwa nalala na panga chini ya kitanda. Usiku mmoja nilisikia dirisha la jikoni likikwaruzwa. Nikanyata hadi jikoni bila taa. Nikaona mwili wa mtu ukijipenyeza dirishani, kichwa mbele. Nikainua panga kwa mikono miwili. Mtu yule akakohoa, nami nikakitambua kikohozi. Alikuwa ni yeye, wakati huo akiwa kidato cha tatu, ambaye alikuwa ametoroka kwenda sokoni kutazama filamu na sasa anarudi kinyemela.

Nililitupa lile panga sakafuni, na miguu ikaniisha nguvu. Nusu saa nzima hatukuweza kusemezana. Mpaka leo nikilikumbuka tukio hilo mikono hunitetemeka. Panga lilinipa nafasi ya kusikia kikohozi, kwa sababu lilitaka nimsogelee. Lau ningalikuwa na bunduki, ningalifyatua nikiwa mlangoni, na asubuhi ningalimzika mwana wa dada yangu huku majirani wakinipa pole na kunisifu kwa ushujaa.

Si hadithi ya kwetu peke yetu. Mnamo Oktoba 1992, mjini Baton Rouge, jimbo la Louisiana, mwanafunzi Mjapani wa miaka 16, Yoshihiro Hattori, alikuwa akienda kwenye sherehe akakosea nyumba. Mwenye nyumba alitoka na bastola, akamwamuru asimame. Kijana, ambaye Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga, akazidi kumsogelea, naye akampiga risasi kifuani. Mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimwondolea mwenye nyumba hatia ya jinai, ingawa baadaye mahakama ya madai iliamuru wazazi wa marehemu walipwe fidia. Tena mwaka 2023, katika jiji la Kansas City, kijana mwingine wa miaka 16 aliyetumwa kuwachukua wadogo zake alibonyeza kengele ya nyumba isiyo yake, akapigwa risasi, huyo alipona. Waliofyatua hawakuwa majambazi. Walikuwa wenye nyumba waliojawa na hofu, kama nilivyokuwa mimi jikoni mwangu.

Basi nilimpa mpwa wangu ushauri gani? Sikumkataza, kwa maana ni mtu mzima na nchi anayoishi imempa haki hiyo. Nilimwekea mambo kwa mpangilio. Kwanza aimarishe mlango, fremu na vitasa, aweke taa ziwakazo zenyewe pande zote za nyumba, na kama aweza, afuge mbwa abwekaye. Pili, yeye na mkewe wapange ni chumba gani watajifungia na watoto, na nani atawapigia polisi simu. Tatu, wajifunze wote wawili kwa mkufunzi kabla ya kununua chochote, kwa maana wapo watu ambao baada ya somo moja hujua kwamba silaha si yao. Nne, wakiazimia kununua, wanunue sefu kwanza na bunduki baadaye, wala asipewe mvulana funguo wala namba ya siri. Na tano, ikiwa nyumbani mna mtu mwenye huzuni nzito, au mlevi, au mwenye hasira za ghafla, basi bunduki iliyo bora kwa nyumba hiyo ni ile iliyobaki dukani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipolitaja dirisha la jikoni, alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba kwanza atauliza bei ya mlango. Baadaye watakaa na mkewe waamue.

Nasi tuliobaki huku tusijione tumesalimika. Silaha haramu zipo hata kwetu, na hofu ya usiku ni ileile. Tuwafundishe vijana wetu kwamba anayetaka kulinda nyumba aanze kwa kuwahesabu waliomo, na ajiulize ni nani kati yao aliye na desturi ya kuingia kupitia dirishani.