Maswali Yaliyo Hai Yaingie Darasani: Barua ya Wazi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Elimu Tanzania.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Naleta kwako rai juu ya somo la sayansi, nikiwa na yakini kwamba wakati huu, ambapo mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 ingali inapanda darasa baada ya darasa, ndio wakati ambao neno la mzazi laweza kusikizwa na likafaa.

Mwaka 1963, katika shule ya Magamba huko Lushoto, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake, alihofu kukosa nafasi katika jokofu, akayatia maziwa yake yangali moto, kisha akastaajabu kuyaona yameganda kabla ya yale ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia alijibiwa kwamba amechanganyikiwa. Na baadaye, alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, swali lile lile likafanyiwa mzaha mbele ya darasa. Hata alipofika Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi, kijana akathubutu kuuliza tena, na mgeni yule, ingawa hakusadiki, hakulidharau swali bali alirudi nalo maabara likajaribiwa. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na tangu hapo wanafizikia wa dunia nzima huliita jambo lile kwa jina la Mpemba.

Aghalabu kisa hiki husimuliwa kwa fahari kikaishia hapo, ilhali sehemu yake iliyo bora kwa mwanafunzi ndiyo iliyofuata. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walitangaza kwamba katika vipimo vyao hawakuona ushahidi wa kuridhisha kuwa maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi, wakabainisha pia kwamba kukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo kwaweza kuyageuza matokeo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, wakaonyesha katika jarida la Nature, kwa chembe ndogo mno ya kioo iliyozamishwa majini, kwamba kilicho moto zaidi chaweza kweli kuwahi kufika kwenye utulivu wa baridi, mradi hali zake zimetengenezwa kwa makusudi. Basi kanuni imepata burhani mahali pengine, na maji yenyewe yangali na mabishano! Mtoto mwenye vikombe viwili, kipimajoto na jokofu aweza kuingia katika mjadala huu wa mabingwa kwa kujiuliza tu: kuganda ni nini, ni barafu ya kwanza kuonekana au ni kikombe kizima kuwa kigumu? Na kipimajoto nakiweka wapi?

Haya si ya fizikia peke yake. Kuanzia 2009 watoto wadogo wa Korogwe na Bagamoyo waliingizwa katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, lililofanywa katika nchi 7 za Afrika. Wengine walipewa chanjo hiyo na wengine chanjo nyingine, kwa kura, mzazi asijue wala mpimaji asijue nani kapata ipi. Na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike. Watoto wale leo wamefikia umri wa sekondari. Nani astahikiye kuliko wao kufundishwa kwa nini kura ilipigwa, kwa nini siri iliwekwa, na kwa nini bila kundi la kulinganisha hakuna hoja iliyo thabiti? Na huku kwetu Tanga, ambako samaki silikanti ametengewa hifadhi ya bahari, ni watoto wangapi wameambiwa kwamba mwaka 2021 wanasayansi, kwa kuzisoma upya alama za magamba yake, walipata kuwa huishi kadiri ya miaka 100, wala si 20 kama ilivyodhaniwa?

Sisemi misingi iachwe. Asiyemjua Archimedes hataifahamu merikebu. Nasema kila muhtasari wa sayansi utenge wasaa maalumu kwa swali moja lililo hai, na Taasisi itoe kila mwaka kijitabu chembamba, kwa Kiswahili fasaha, kinachomweleza mwalimu kilichogunduliwa, kwa njia gani, na kilichobaki na shaka. Hata hivyo, jitihada hiyo yote itapotea bure iwapo Baraza la Mitihani litaendelea kumtunuku anayekariri ufafanuzi kuliko anayepima ushahidi, kwa maana mwalimu, naye hana lawama, hufundisha kile kitakachoulizwa.

Nakuomba basi, Ndugu Mkurugenzi, utakapowaita tena waandishi wa mihtasari, uwaite pamoja nao watafiti wa afya wa Ifakara, wa vyuo vikuu na wa uvuvi, pamoja na watunzi wa mitihani, ukawakalishe meza moja, na kazi hii ianze na kidato cha kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Tanga.