"Sistimu iko chini": Ni sistimu gani hasa?

Uko saiba Migori mjini, umejaza fomu ya cheti cha tabia njema kwenye eCitizen, umebonyeza kulipa. Kiduara kinazunguka tu. Mhudumu anakuambia, "Sistimu iko chini." Wewe unalaumu serikali, mwenzako analaumu Safaricom, wa tatu anasema ni bando. Nani ako sawa? Bila kupima, hakuna anayejua.

Elewa hivi: saiti za siku hizi hazifanyi kazi peke yake. Ukilipa, inabisha hodi kwa M-Pesa. Ujumbe wa kuthibitisha nambari yako unapitia kampuni nyingine. Kila hodi, saiti inasimama mlangoni ikingoja. Na mlango unaweza kuwa mbali: hadi 2015, seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Yaani ukiwa Rongo ukimtumia jirani mia mbili, hesabu ilifanyiwa Ulaya.

Julai 2023 tuliona hatari yake. eCitizen iliposhambuliwa, tiketi za treni na tokeni za stima pia zilisumbua. Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini zikakatika na Afrika Mashariki nzima ikajikokota. Tangu Oktoba 2024, hata matibabu yako yanapitia mtandao wa SHA. Mgonjwa aliyetoka Mbita kwenda hospitali ya Homa Bay hawezi kuambiwa "jaribu kesho."

Dawa si ngumu, na haihitaji digrii (mimi mwenyewe chuo sikumaliza). Programu iandike saa kabla ya kubisha hodi, iandike tena jibu likifika, itoe tofauti. Ukurasa ukichukua sekunde 9 na 8 kati yake zikaishia kwa mlango wa nje, kununua seva mpya ni kutupa pesa. Muda unaotumia wewe kuandika PIN uhesabiwe kando, huo si uzembe wa sistimu.

Halafu usikubali kudanganywa na wastani. Tuseme watu 95 kati ya 100 wamejibiwa kwa sekunde 1, na 5 wamengoja sekunde 30. Wastani ni sekunde 2.45, ripoti inapendeza kabisa. Lakini wale watano ndio wanaobonyeza tena na tena, wakiogopa kulipa mara mbili. Wapimwe wao. Pia kuwe na kikomo: jibu lisipofika, saiti ikuambie wazi ni mlango gani umekwama na kama pesa yako imekatwa.

Serikali imetuhamishia maelfu ya huduma mtandaoni. Sawa, tumehama. Sasa itoe vipimo hivyo hadharani, kila siku, ili lawama ikae panapostahili. Mpaka hapo, ukiambiwa sistimu iko chini, uliza swali moja tu: ipi?