Daraja limefupisha safari, mama lishe atamsimamishaje mgeni?

Msikilizaji wetu, unaikumbuka foleni ya kivukoni? Kabla ya Daraja la Magufuli, aliyekwenda Mahenge au Malinyi alisubiri pantoni ili avuke Mto Kilombero. Ilikuwa adha, tena hatari: Januari 2016 pantoni ilizama. Lakini anayesubiri hula, na wauza chai, maandazi na samaki walipata riziki.

Daraja hilo la mita 384 lilizinduliwa Mei 2018. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, nayo imewekwa lami. Hakuna anayetamani kurudi kwenye pantoni. Ila gari lisilo na sababu ya kusimama hupita tu, na wauzaji wadogo ndio wanaoumia.

Tuangalie fedha zinavyotembea. Mgeni anayepanda kuona maporomoko ya Sanje katika Hifadhi ya Milima ya Udzungwa hulipa kiingilio, na fedha hiyo huenda serikalini. Akishuka akala wali kwa perege pale Mang'ula au Ifakara, fedha inabaki bondeni. Mama lishe atamlipa mvuvi, muuza mchele, muuza nyanya na muuza mkaa. Sahani moja imegusa nyumba tano.

Vya kumsimamisha mgeni tunavyo. Mchele na samaki wa bonde hili havihitaji kusifiwa. Ifakara wapo kinamama wanaofuma vitambaa vya pamba kwa mkono. Historia nayo ipo: reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita hapa. Maabara ndogo iliyoanzishwa na Waswisi mwaka 1957 leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Makumbusho ya kusimulia haya hayahitaji jumba kubwa. Chumba kimoja kinatosha, chenye picha za zamani, mtumbwi, zana za kufumia, na mzee anayejua kusimulia.

Mara nyingi kinachokosekana ni vitu vidogo: kibao barabarani, bei iliyoandikwa ukutani, maji na sabuni ya kunawa, choo safi. Mgeni asiyejua bei huona haya kuuliza. Hununua soda na biskuti, akaondoka.

Hapa halmashauri ina nafasi yake. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mama lishe kinaweza kuomba mkopo huo kijenge banda moja zuri lenye choo, badala ya kila mmoja kuhangaika peke yake juani. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Daraja limejengwa ili watu wapite. Kuwafanya washuke garini wale ni kazi yetu wenyewe.