TAHARIRI: MTOTO APEWE JEMBE NA SABABU YAKE



Mvua kubwa ikinyesha, kila mtu anayaona maji mekundu yakishuka bondeni. Yale siyo maji matupu. Ni mashamba yetu yanahama.

Siku hizi klabu ya mazingira ya shule inasemwa sana. Wazazi wengine wanasema, "Mwanangu nimempeleka shule kusoma, siyo kubeba ndoo za maji ya miche." Sisi hatuwalaumu. Mtoto akichimba mashimo mpaka jioni, akarudi nyumbani hajui kwa nini, hiyo siyo klabu, ni kibarua kisicho na ujira.

Wazee wetu wanayajua haya. Mwaka 1946 serikali ya mkoloni ilianzisha mpango wa Mlalo, baadaye ukaenea Usambara, na watu wakalazimishwa kupiga matuta. Jembe lilikuja kwa amri na faini. Watu walikataa, na mpango ukafa hata kabla ya Uhuru. Mradi wa SECAP ulipoanza hapa Lushoto mwaka 1981, ulikuja na majani ya guatemala ya kupanda kwa kontua. Majani yale yanazuia udongo, tena ng'ombe wa zizini anakula. Hapo sababu inaonekana kwa macho.

Basi klabu nayo ifanye hivyo. Wanafunzi wapime vipande viwili vya mteremko, ukubwa mmoja, mwinuko mmoja. Kimoja kiachwe kitupu, kingine kipandwe guatemala. Chini ya kila kimoja wafukie debe la kukinga maji. Mvua ikinyesha, wapime maji, wayaache yatulie usiku kucha, asubuhi wapime tope kwa rula na kuandika daftarini. Hapo mtoto amejifunza kupima, kulinganisha, na kutosema neno bila ushahidi. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe.

Kuna jambo jingine. Shule ya msingi mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili, akifika sekondari anaikuta kwa Kiingereza. Wengi hukariri maneno tu. Lakini aliyekwisha kuona udongo ukihama ndani ya debe, akikutana na neno geni, maana yake anayo tayari.

Hatusemi klabu peke yake itampasisha mtoto. Wapi! Vitabu lazima visomwe na mwalimu asikilizwe. Tunasema kazi ya mikono iandamane na swali.

Kwa hiyo tunapendekeza mkutano ujao wa ushirika uwape wanafunzi kipande cha mteremko na madebe mawili. Na wao, kila baada ya mvua kubwa, walete hesabu yao ibandikwe hapa ubaoni, wakulima tuisome.

Mwenye hoja ya kupinga naye aandike. Ubao huu ni wa wote.